Je, Wajua? Ndovu wa Voi na moyo wa kijana

Fika stendi ya Voi saa moja asubuhi, siku shule zinapofunguliwa. Utaona kando ya matatu za Mwatate, Wundanyi na Taveta: sanduku la bati lenye jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe, godoro lililokunjwa na kukazwa kwa kamba ya mkonge, mama anayehesabu noti za karo kwa mara ya pili. Kijana mwenyewe anatazama upande mwingine, machozi yanamlengalenga na hataki yaonekane. Suruali iliyonunuliwa Januari tayari imepanda juu ya kifundo cha mguu. Kichwani amebeba maswali yasiyomo katika kitabu chochote sandukuni: mimi ni nani? Nitaweza? Wenzangu wananionaje? Safu ya leo ni yake, na ya kila mtu anayemlea.

MWILI NA UBONGO

1. Je, wajua safari hii huchukua miaka kumi? Shirika la Afya Duniani huhesabu ujana wa kubalehe kuanzia miaka 10 hadi 19. Mtoto wa Gredi ya 5 na yule anayefuatilia kitambulisho cha taifa wote wamo njiani. Mmoja ndio kwanza anaingia, mwingine anakaribia kutoka. Ukiwalea kwa sauti moja, utawakosa wote wawili.

2. Je, wajua kwa nini wasichana huwatangulia wavulana? Mwili wa msichana kwa kawaida huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13, wa mvulana kati ya 9 na 14. Ndiyo maana kwenye paredi ya Gredi ya 7 msichana anaweza kumpita mvulana wa rika lake kwa kichwa kizima. Pengo hilo ni la kupita. Kumtania mtoto kwa ufupi, kwa chunusi au kwa sauti inayokwaruza ni kumwaibisha kwa jambo asilolichagua.

3. Je, wajua sehemu ya ubongo inayopima matokeo ndiyo ya mwisho kukomaa? Iko nyuma ya paji la uso, na kazi yake ni kupanga, kusubiri na kuuzuia ulimi. Hukomaa mtu akiwa katikati ya miaka ya ishirini. Sehemu zinazoendesha hisia na hamu ya raha huamka mapema zaidi. Kuanzia mwaka 1991, Daktari Jay Giedd wa Marekani alipiga picha za ubongo wa watoto walewale tena na tena wakikua, na wataalamu wakaona kwa macho jinsi ujenzi huo unavyoendelea hata mtoto akisharefuka. Kijana ni nyumba ambayo moto umewashwa jikoni kabla paa halijaezekwa. Anahitaji mtu wa kukaa naye hadi paa likamilike.

4. Je, wajua ubongo hujipunguza ili uimarike? Mkulima wa migomba huko Wundanyi huondoa machipukizi ya ziada ili yaliyobaki yatoe mkungu mnene. Ubongo wa kijana hufanya vivyo hivyo: njia za neva zinazotumiwa hupata nguvu, zisizotumiwa hupogolewa. Anayepiga ngoma, anayesoma hadithi au anayecheza kandanda kila jioni anauchagulia ubongo wake machipukizi ya kubaki.

5. Je, wajua kijana hachelewi kulala kwa ukaidi tu? Wakati wa kubalehe, homoni ya usingizi iitwayo melatonini huchelewa kutoka, hata kwa saa mbili kuliko utotoni. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kila usiku kati ya miaka 13 na 18. Anayezima taa saa tano usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri kwa prepu amelala saa 5. Hasira za mchana na machozi yasiyo na sababu mara nyingi ni deni la usingizi.

6. Je, wajua Kenya ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za hedhi mwaka 2004, kabla ya nchi nyingi duniani? Mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ikarekebishwa, serikali ikapewa jukumu la kuwapa wasichana wa shule za umma taulo hizo bure. Msichana anayekaa darasani bila hofu ya sketi kuchafuka ana nafasi moyoni ya kufikiria somo, na ya kujiona mwanafunzi kama wengine.

MIMI NI NANI?

7. Je, wajua mtu aliyetufundisha kuhusu kijana kutafuta utambulisho wake hakuwahi kumjua baba yake mzazi? Erik Erikson alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902, akalelewa kwa jina la baba wa kambo. Shuleni alitaniwa kwa kuwa Myahudi. Miongoni mwa Wayahudi wenzake alitaniwa kwa nywele za dhahabu na macho ya buluu. Alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 alijichagulia jina jipya, Erikson, yaani mwana wa Erik. Alifundisha kwamba kazi kubwa ya ujana ni kulijibu swali la "mimi ni nani", na kwamba kuhangaika nalo ni sehemu ya kukua. Kijana anayebadilisha mtindo wa nywele, marafiki na ndoto za kazi katika muhula mmoja yumo kazini.

8. Je, wajua Kiswahili kina silabi moja inayobeba somo zima? Ni -ji-. Kujijua, kujitambua, kujithamini, kujikubali, kujituma: katika kila neno mtenda na mtendwa ni mtu yuleyule. Silabi hiyohiyo huweza kugeuka sumu: kujidharau, kujilaumu, kujichukia. Msikilize kijana wako wiki hii. Ni -ji- ipi inayotoka kinywani mwake?

9. Je, wajua kioo cha kwanza cha mtoto ni nyuso za watu wake? Mwaka 1902 mwanasosholojia Charles Cooley alieleza kwamba tunajiona kama tunavyodhani wengine wanatuona. Mtoto anayeitwa "kichwa maji" kutwa mwishowe huliitikia jina hilo. Na yule ambaye shangazi yake humwambia "wewe una mkono wa kutengeneza vitu" ataitafuta bisibisi.

10. Je, wajua watu wanaokutazama ni wachache kuliko unavyodhani? Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio lao: mwanafunzi alivalishwa fulana ya kumtia haya, akaingizwa katika chumba chenye wenzake. Walioivaa walidhani karibu nusu ya waliomo wameiona. Walioiona kweli walikuwa kama robo. Mwaka 1967 David Elkind alikuwa amekwisha kuupa jina mzigo huu wa ujana: hadhira ya kufikirika. Wewe unayezunguka nyuma ya soko la Voi ili wenzako wasione kiatu kilichoshonwa, wengi wao wanaogopa uone chao.

11. Je, wajua mojawapo ya shule maarufu za Wundanyi, Dr. Aggrey, inabeba jina la Mwafrika aliyewafunza vijana kujijua? James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa mwaka 1875 huko Anomabu, katika nchi ambayo leo ni Ghana, na mwaka 1924 alizuru Afrika Mashariki akiwa na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Alipenda kusimulia habari za tai aliyelelewa na kuku. Tai huyo alikula punje kama kuku, akatembea kama kuku, na mwenye kuku akaapa kwamba sasa ni kuku kabisa. Mtu mmoja akamwinua mara ya kwanza, tai akatazama punje chini akarukia huko. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu akampeleka mlimani alfajiri, akamwelekeza alitazame jua linalochomoza. Tai akatandaza mbawa. Angalia alichofanya mtu yule: hakumpiga tai wala hakumkemea. Alimbadilishia mahali pa kutazama, na hakukata tamaa baada ya mara mbili.

12. Je, wajua kujiamini kumo katika mtaala? Mtaala wa umilisi una umilisi wa kimsingi 7, na mmojawapo ni huo. Albert Bandura, aliyeifafanua fikra hiyo mwaka 1977, alitaja chemchemi zake 4: kufanikiwa katika jambo halisi, kumwona mtu kama wewe akifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi unavyozielewa ishara za mwili wako. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi. Mpe kijana kazi ndogo ya kweli aimalize mwenyewe: banda la kuku, daftari la madeni ya duka, sauti ya tatu katika kwaya.

13. Je, wajua kijana hubadilika akitazamwa na wenzake? Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu wa umri mbalimbali mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipokaa na wenzao, hatari walizojitosa ndani yake ziliongezeka takriban maradufu kuliko walipocheza peke yao. Watu wazima hawakubadilika. Kwa hiyo unapomwonya mwanao kuhusu kupanda bodaboda wakiwa wanne, zungumza naye na marafiki zake pia. Uamuzi ule hauamui peke yake.

SHULE YA NDOVU

14. Je, wajua Voi ina shule ya mayatima wanaofundishwa kuwa watu wazima? Ndani ya Hifadhi ya Tsavo Mashariki, iliyotangazwa mwaka 1948 na kuongozwa kwa miaka mingi na David Sheldrick, shirika linalobeba jina la Sheldrick lina kituo cha kuwarejesha porini ndovu waliopoteza mama zao. Hulelewa kwanza Nairobi kwa maziwa maalumu, kisha huhamia Voi wakiwa na takriban miaka 3. Alfajiri lango la boma linafunguliwa. Wanatoka wakiwa wekundu kwa vumbi la Tsavo, mlezi akitembea kando yao, mdogo akiwa amebanwa katikati ya wakubwa ili asipotee. Mchana kutwa wanakula majani, wanaoga tope, wanakutana na ndovu wa porini. Jioni wanarudi kulala bomani. Miaka inapita. Siku moja mmoja analala nje na kundi la porini, kisha anarudi kuwatazama wenzake. Polepole siku za kurudi zinapungua. Hafukuzwi, wala hafungiwi. Kila mmoja huondoka kwa wakati wake, na akirudi hupokewa.

15. Je, wajua ndovu barobaro bila wazee huharibikiwa? Katika hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini, madume wachanga waliohamishwa huko wakiwa mayatima walikua bila dume mzee hata mmoja. Kati ya mwaka 1992 na 1997 waliua zaidi ya vifaru 40. Mwaka 1998 walinzi walileta madume wazima 6 kutoka Kruger. Mauaji yakakoma. Hakuna aliyewachapa vijana wale. Uwepo wa wazee uliituliza miili yao. Waswahili walisema penye wazee haliharibiki neno. Baba aliye kazini Mombasa au Nairobi, mjomba, mwalimu wa zamu, mzee wa kanisa, imamu: kijana anahitaji uwe karibu kuliko anavyohitaji hotuba yako.

16. Je, wajua mtu mzima mmoja anaweza kutosha? Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi ukubwani. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini na nyumba zenye vurugu, takriban theluthi moja walikuwa watu wazima imara, wenye kujali wengine. Walichokuwa nacho wengi wao ni angalau mtu mmoja aliyewashika mkono bila kuchoka: bibi, mwalimu, jirani. Huyo mmoja anaweza kuwa wewe.

17. Je, wajua kuna watoto ambao hofu yao ya asubuhi ina mkonga? Tsavo imechukua takriban asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta, na ndovu huvuka mipaka yake wakifuata maji na mahindi. Mtoto wa Sagala huenda amekesha na wazazi akipiga debe shambani, kisha anasubiri njia iwe salama ndipo aende shule. Akisinzia darasani, ulizeni kwanza ameamkia wapi. Sagala hiyohiyo imeuonyesha ulimwengu dawa: Dkt. Lucy King na wakulima wa hapo walitundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Katika misimu ya mazao mazuri uzio huo uliwazuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia, na wakulima wakavuna asali. Tatizo lililowalaza watu macho lilipungua walipokaa pamoja na kuliwekea mpango.

MAWAZO YAKIZIDI

18. Je, wajua mwili wako hautofautishi simba na mtihani? Mwaka 1898 simba wawili waliwatia hofu wajenzi wa reli katika daraja la mto Tsavo, kwenye njia itokayo Voi kwenda Nairobi, hadi John Patterson alipowaua Desemba. Mtu akisikia ngurumo gizani, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo unaenda mbio, viganja vinalowa, tumbo linakaza. Mwaka 1915 Walter Cannon aliueleza mwitiko huo wa kupigana au kukimbia. Mwili uleule hufanya hivyohivyo karatasi ya hisabati inapogeuzwa. Simba huja na kuondoka. Karo, ugomvi wa nyumbani na matokeo hukaa miezi, na mwili uliokazwa miezi huchoka.

19. Je, wajua msongo kidogo una faida? Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waligundua, kwa kutumia panya, kwamba msukumo wa wastani husaidia kujifunza, na ukizidi kiasi katika kazi ngumu huharibu. Kamba ya ngoma ikilegea haitoi sauti, ikikazwa mno ngozi hupasuka. Kwa hiyo moyo kudunda kabla ya mtihani ni mwili kujiandaa. Mwambie mtoto hivyo mapema, asidhani anaugua.

20. Je, wajua kuitaja hisia kwa jina huipunguza makali? Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Los Angeles waliona katika picha za ubongo kwamba mtu akiipa hisia jina, sehemu ya ubongo inayowasha hofu hutulia. Kiswahili kimetuwekea akiba: wahaka ni wasiwasi wa jambo usilojua litaishaje, fadhaa ni kuchanganyikiwa, kihoro ni mshtuko wa kupoteza, simanzi ni huzuni ya kimya, sonona ni huzuni nzito isiyokatika, inayokunyima hata hamu ya chakula unachokipenda. Badala ya "nina stress" kila siku, jaribu kutafuta jina lenyewe.

21. Je, wajua Wataita wa zamani walikuwa na njia ya kuitema hasira? Iliitwa kutasa. Mtu alichukua funda la maji, au la pombe ya miwa, akalipuliza nje kama manyunyu huku akitamka maneno ya heri na kukikana kinyongo kilichomo moyoni. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliona kwamba tendo hilo ndilo kitovu cha dini yao ya asili, akaliandikia kitabu kilichotoka mwaka 1978. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa, hasa ya mzazi au jirani, huwaletea walio karibu maradhi na mikosi. Kwa hiyo mwenye kinyongo aliombwa aje aseme, mbele ya watu wake. Leo Wataita wengi ni Wakristo, na kila nyumba ina njia yake ya kusali. Lakini tafakari hekima ile: hasira ya mtu mzima humfikia mtoto hata ikifichwa, na dawa yake ni kuitoa kwa heri, hadharani, kabla haijawa fimbo.

22. Je, wajua pumzi ndiyo breki ya mwili unayotembea nayo? Ukitoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua. Vuta ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6, mara kumi. Hakuna atakayejua unafanya hivyo, hata ukiwa katikati ya chumba cha mtihani.

23. Je, wajua kuandika hofu kunaweza kuongeza alama? Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 10 yale yanayowatia wasiwasi, kabla tu ya mtihani. Wenye hofu nyingi walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakuandika hofu zao. Hofu ikishakaa kwenye karatasi, akili hupata nafasi ya swali la kwanza.

24. Je, wajua kuna aina mbili za kukabiliana na shida? Mwaka 1984 Richard Lazarus na Susan Folkman walizieleza: kulishughulikia tatizo lenyewe, na kuutuliza moyo kwa tatizo usiloliweza. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2022 uliomaliza mifugo na mahindi hauna mtoto aliyeuweza. Hapo alihitaji sala, marafiki, mpira, bega la kulilia. Alama za kemia zina la kufanya: mwalimu, ratiba, kundi la masomo. Mfundishe kijana kuuliza kwanza: hili naliweza, au nalibeba tu?

25. Je, wajua "jikaze kisabuni" ina gharama? Shirika la Afya Duniani linaonyesha kwamba duniani wanaume wanaokufa kwa kujiua ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Mvulana anayeambiwa tangu utotoni kwamba mwanamume halii hajifunzi kutokuwa na huzuni, anajifunza kuificha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Baba ambaye mwanawe amewahi kumsikia akisema "leo nimeumia moyo" amempa urithi mkubwa.

HAUKO PEKE YAKO

26. Je, wajua ni wangapi? Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17 nchini Kenya, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba takriban asilimia 44 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika miezi 12, na takriban asilimia 12 walifikia kiwango cha ugonjwa. Katika darasa la wanafunzi 50, asilimia hiyo 12 ni watoto 6. Walimu wengi wakitulia kidogo wataweza kuwahisi.

27. Je, wajua kijana aliyemaliza shule juzi anaweza kumsaidia aliye shuleni leo? Mkenya Tom Osborn na wenzake walibuni mpango wa Shamiri, wenye vikao 4 vya kundi vya saa moja, ukiongozwa na vijana waliomaliza shule ya upili. Wanafunzi huzungumza kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na maadili wanayoyathamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ukihusisha wanafunzi 413 wa Kenya, ulionyesha kwamba dalili za sonona na wahaka zilipungua zaidi kwa walioshiriki kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma. Rika linaloweza kumsukuma mtu shimoni ndilo linaloweza kumtoa.

28. Je, wajua sheria iko upande wa mtoto? Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza kumpiga mwanafunzi, na kinakataza pia kumtesa kiakili. Tusi la mbele ya darasa limo humo. Tena, tangu mwaka 1994 sera ya Kenya humruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mtu huyo anastahili matibabu.

29. Je, wajua nambari 116? Ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu nayo ni ya bure. Kijana akiacha kula au kulala kwa wiki mbili, akijitenga na marafiki, akigawa vitu vyake vya thamani au akisema afadhali asingekuwepo, usingoje. Kaa naye, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Kisha mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi.

30. Je, wajua kuna kipimo cha kisayansi kinachoitwa "Je, Wajua?" Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliandaa maswali 20 kwa watoto kuhusu familia zao, wakayapa jina hilohilo kwa Kiingereza. Watoto waliojua zaidi habari za kwao walijithamini zaidi na wasiwasi wao ulikuwa mdogo. Hadithi iliyofaa zaidi haikuwa ya ushindi mtupu. Ilikuwa ya familia iliyopanda, ikaanguka, ikainuka tena. Hapa kwetu hadithi hizo zimejaa. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwahamisha kwa nguvu watu wa Kasigau hadi Malindi, wakiwashuku kuwasaidia Wajerumani. Wengi walifia huko. Ilipita miaka mingi ndipo waliosalia wakarudi chini ya mlima wao. Kijana wa Kasigau anayeijua habari hiyo anajua kwamba watu wake waliwahi kung'olewa, na wakaota tena.

Basi leo jioni, kimanga kikiwa bado mezani, wewe kijana ndiye muulizaji. Bibi alizaliwa wapi? Baba na mama walikutana vipi? Nani aliyenipa jina hili, na kwa nini? Ni mwaka gani ulikuwa mgumu kuliko yote katika nyumba hii, na tuliupitaje? Ni mtihani gani mlioanguka, na kesho yake mliamka mkafanya nini?

Nawe mzazi, hilo la mwisho usilikwepe. Zima redio, jibu kwa ukweli, hata sauti ikikutetemeka. Siku shule zitakapofunguliwa, yule mwenye sanduku la bati ataondoka stendi akilijua jibu lako.